Kudai fidia ya madhara ya chanjo nchini Marekani

Kwa chanjo nyingi za kawaida, anayeamini kuwa chanjo aliyopewa nchini Marekani ilimdhuru haanzi kwa kumshtaki mtengenezaji wala aliyemdunga, kwa sababu sheria ya mwaka 1986 ilianzisha mfuko maalumu wa fidia, na dai hufunguliwa dhidi ya Waziri wa Afya katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho iliyoko Washington.

Zingatia tarehe kabla ya jambo lingine lolote. Muda wa kufungua dai ni miaka 3, nao huhesabiwa tangu dalili ya kwanza ilipojitokeza, wala si tangu daktari alipoutambua ugonjwa. Inasikitisha kwamba mtu aliyesubiri majibu ya vipimo huku akivumilia maumivu anaweza kupoteza haki yake hivi hivi. Kwa kifo, ni miaka 2 tangu kifo na isiyozidi 4 tangu dalili ya kwanza.

Ushahidi wako ni kumbukumbu za matibabu. Chukua mfano wa jeraha la bega, ambalo jedwali rasmi la madhara linataka maumivu yake yawe yameanza ndani ya saa 48 baada ya sindano. Ukienda kliniki baada ya mwezi mzima, na faili likaandikwa tu kwamba bega linauma, mawakili wa serikali watalishikilia pengo hilo. Kwa hiyo taja siku yenyewe na mkono uliodungwa, omba yaandikwe, na kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani badala ya kumtegemea mtoto wako. Kwa kawaida madhara yanapaswa pia kuwa yamedumu zaidi ya miezi 6, au yawe yalisababisha kulazwa na kufanyiwa upasuaji. Dhara lisilokuwamo kwenye jedwali laweza kudaiwa, ila hapo utahitaji daktari bingwa wa kuthibitisha chanzo chake.

Usiogope gharama za wakili. Mfuko humlipa hata ukishindwa, mradi dai lilikuwa la nia njema na lenye msingi, naye haruhusiwi kukata asilimia ya fidia yako. Anayekudai fungu, achana naye.

Chanjo ya Uviko-19 imewekwa kwenye utaratibu mwingine, mgumu zaidi, ambao muda wake ni mwaka 1 tangu siku ya kuchanjwa na ambao haulipi wakili.

Tukirudi kwenye mfuko wa sheria ya 1986, fidia ya maumivu haizidi dola 250,000, lakini matibabu na mapato yaliyopotea huhesabiwa kando. Hukumu ikishatolewa, una siku 90 za kuikubali, au kuikataa kwa maandishi ili uweze kumshtaki mtengenezaji katika mahakama ya kawaida.