Jinsi ya kumfuatilia mbunge wa upinzani bungeni: kura zake, michango yake na maswali yake

Wakuu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na majirani wote wa huku nyanda za juu, hili somo nimeliandika kwa sababu kila nikikaa kijiweni Mwanjelwa au Kabwe naona watu wanabishana mbunge fulani wa upinzani alikuwa jembe au alikuwa mpiga kelele tu, na ushahidi wa pande zote mbili ni klipu ya sekunde arobaini iliyotumwa WhatsApp. Klipu haikwambii alijibiwa nini na haikwambii mwisho wa mchango alisema naunga mkono hoja au siungi mkono. Wakati kumbukumbu zote zipo na ni bure, unahitaji bando na uvumilivu.

Cha kwanza ni hansadi, yaani Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge. Zipo kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.tz, unashusha kama faili la PDF, moja kwa kila kikao. Na hapa wengi wanachanganya mkutano na kikao. Mkutano ni kipindi kizima wabunge wanapokuwa Dodoma, ule mrefu kuliko yote ni wa bajeti unaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, kikao ni siku moja ndani ya mkutano. Kwahiyo ukiandika "alisema kwenye mkutano wa bajeti" hujamsaidia mtu, andika mkutano wa ngapi, kikao cha ngapi na tarehe, mwenzako aende moja kwa moja.

Ukishashusha usianze kusoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, utachoka na utaacha. Tumia kitufe cha kutafuta ndani ya faili uandike jina. Ila jina liandike kama Bunge linavyoliandika, sio kama sisi mtaani. Ukitaka kujifunzia chukua mbunge ambaye rekodi yake imeshafungwa, mfano Sugu aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini kwa CHADEMA 2010 hadi 2020. Hansadi inamwita MHE. JOSEPH O. MBILINYI, ukitafuta "Sugu" utaambulia pale tu wenzake walipomtaja kwa jina hilo. Msigwa wa Iringa Mjini, naye CHADEMA miaka hiyohiyo kumi, mtafute kwa jina la MSIGWA peke yake maana mbele kuna MCH. (mchungaji) na herufi ya jina la kati, ukikosea kidogo hupati kitu.

Pia kwenye ukurasa wa mbunge ndani ya tovuti huwa kuna idadi ya maswali ya msingi, maswali ya nyongeza na michango. Watu wanapenda sana hizo namba, wanapiga skrinshoti, wanasema huyu kaongea mara nyingi huyu mara chache, hukumu imeisha. Mimi nasema zitumie kama mlango tu. Mbunge anaweza kuchangia mara nyingi na yote ni pongezi na salamu za wapiga kura, mwingine kauliza swali moja likamlazimisha waziri kutaja tarehe mbele ya Bunge zima, huyo wa pili kakufanyia kazi kubwa zaidi.

Sasa tuanze na kura maana ndo ngumu.

Maamuzi mengi ya Bunge letu yanapita kwa sauti. Anayeongoza kikao anawahoji, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema siyo, halafu hansadi inaandika kwenye mabano "Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa" basi, hakuna majina. Kwahiyo mtu akikwambia ana orodha ya jinsi mbunge alivyopiga kura kwenye kila muswada, muulize kaipata wapi. Majina unayapata pale kura inapopigwa kwa kuita jina mojamoja, na ya uhakika kila mwaka ni kura ya bajeti ya serikali mwishoni mwa Juni kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Pale kila mbunge anaitwa anajibu ndiyo, au hapana, au anakuwa hana uamuzi. Hiyo hansadi ya siku ya kura ishushe na uitunze, usitegemee utaikumbuka.

Kwa siku nyingine zote kitu kilicho karibu zaidi na kura ni sentensi ya mwisho ya mchango wake. Nenda mwisho wa mchango uangalie kafunga vipi. Kuna mbunge analalamika dakika zake zote kuhusu mbolea, kuhusu bei ya mahindi, anagonga meza kabisa, halafu anamalizia "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja". Hilo liandike kama lilivyo. Na yule aliyesema siungi mkono hoja mpaka hiki na hiki kirekebishwe, andika na hicho alichotaka kirekebishwe maana ndicho utakachofuatilia.

Muswada nao una hatua zake. Unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, unarudi kusomwa mara ya pili na hapo ndo mjadala, halafu Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima kupitia kifungu kwa kifungu, kisha mara ya tatu. Wengi tunaishia kwenye mjadala kwa sababu ndo wenye maneno matamu, ila mpinzani makini utamuona kwenye kifungu kwa kifungu, ameleta jedwali la marekebisho, anasimama anasema kifungu hiki neno hili lifutwe liwekwe hili. Mara nyingi atashindwa kwa sababu ya idadi, lakini maneno aliyopendekeza yanabaki, na sheria ikija kuleta shida baadaye unaweza kurudi kuonyesha nani alionya na alitaka iandikweje.

Kwenye bajeti za wizara kuna mtego mwingine mzuri, kushika shilingi. Mbunge anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Ukiona neno shilingi limetajwa kwenye Kamati ya Matumizi, yaani Bunge linapokaa kama kamati kupitisha bajeti ya wizara, soma ukurasa mzima, angalia kashika kwa jambo gani, wangapi wamemuunga mkono kuchangia, waziri kajibu nini, na mwisho kaiachia mwenyewe au hoja imehojiwa ikashindwa. Kuachia sio kosa. Kama waziri kasema "nitakuja mwenyewe jimboni kabla ya mwezi fulani" basi shilingi imefanya kazi yake, andika huo mwezi.

Maswali ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndo naomba utumie muda wako mwingi hapo. Asubuhi ya kikao maswali yanatangulia, kila swali la msingi lina namba na kichwa, chini yake jina la muulizaji, halafu jibu la waziri au naibu waziri. Angalia ile alama K.n.y., maana yake kwa niaba ya. Ukikuta mbunge mwingine ameuliza K.n.y. ya mbunge wako, swali ni la mbunge wako ila siku hiyo hakusimama yeye, usimhesabie mwingine. Na siku za Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, haya hayapelekwi kwa maandishi kabla, kwahiyo ndo unapoona mbunge anajua jambo lake au kabahatisha.

Swali la msingi mara nyingi ni la kistaarabu na jibu limeandaliwa na wataalamu wa wizara. Utamu uko kwenye nyongeza. Muulizaji anapewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na hapo jibu la wizara linaanza kuvuja. Chukulia mtu kauliza kuhusu barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, zile kilomita 29 tunazozijua wote tunaokwama na malori ya Tunduma. Jibu la msingi litakuja na takwimu za mkataba, ila nyongeza nzuri itauliza wananchi waliopisha barabara wamelipwa lini na walibaki wangapi. Mbunge anayetumia nyongeza yake kuomba waziri amtembelee na mbunge anayetumia nyongeza yake kudai tarehe ni watu wawili tofauti kabisa, na wewe unatakiwa uwatofautishe kwenye daftari lako.

Alafu jifunze lugha ya majibu. "Serikali inaendelea kutafuta fedha" maana yake kwa mwaka huo hakuna kitu. "Kadri fedha zitakavyopatikana" ni hivyohivyo. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea" ni kwamba bado wako kwenye makaratasi, hakuna mkandarasi. "Zimetengwa shilingi kiasi fulani katika mwaka wa fedha" hapo kuna cha kushika, ila kutengwa sio kutolewa, kwahiyo mwaka unaofuata rudi kwenye hotuba ya wizara hiyohiyo uone zilitoka ngapi. Mi naandika majibu kwa makundi matatu tu: ahadi yenye tarehe, ahadi isiyo na tarehe, na maneno. Ukifanya hivi mkutano mmoja mzima utashangaa kundi la maneno lilivyonenepa.

Na hapa ndo kipimo changu kwa mbunge wa upinzani kinapokaa. Yeye hana serikali, hawezi kukuletea lami kwa amri yake, na kwenye ndiyo na siyo atazidiwa karibu kila siku. Anachoweza kukufanyia ni kuifanya serikali iseme kitu kwa mdomo wake, kiandikwe, kibaki. Kwahiyo usihesabu alishinda hoja ngapi. Hesabu majibu aliyoyapata kutoka kwa waziri ambayo kabla ya hapo hatukuwa nayo, na angalia kama alirudi. Mbunge aliyeuliza kuhusu kituo cha afya mwaka huu, akaahidiwa, na mwaka unaofuata akasimama akasema "mwaka jana mliniambia hivi" huyo anafanya kazi ya kweli.

Utunzaji wenyewe ni rahisi, daftari la kaunta linatosha au jedwali kwenye simu. Weka tarehe, mkutano na kikao, aina (swali la msingi, nyongeza, mchango, shilingi, kura), mada, alichotaka kwa mstari mmoja, alichojibiwa na nani, na ukurasa wa hansadi. Nafasi ya mwisho iache wazi kwa ajili ya kilichotokea baadaye. Usiandike maoni yako kwenye mistari hiyo, weka ukurasa wa pembeni wa maoni. Kwenye michango tenga pia ile ya kusimama na kuongea na ile ya maandishi, maana hansadi inachapa zote, na mtu anaweza kusema mbunge wake aliongea kumbe alipeleka karatasi. Ya maandishi ni halali kabisa na mara nyingine ina hoja nzito kuliko ya mdomo, ila itaje kwa jina lake. Na enzi zile Kambi Rasmi ya Upinzani ilipokuwepo, mbunge akisoma hotuba kama msemaji wa kambi kwa wizara fulani, huo ni msimamo wa kambi nzima, usimpe yeye sifa yote wala lawama yote.

Sasa kuhusu kutokuwepo, naomba hapa tuwe waangalifu sana. Kukosa jina kwenye kikao hakumaanishi utoro. Ukifungua hansadi za Aprili 2018 ukamkosa mbunge wa Mbeya Mjini, jua alikuwa gerezani, alihukumiwa miezi mitano Februari mwaka huo kwa kosa la kumkashifu Rais na akatoka Mei. Ukifungua za Juni 2016 utakuta upinzani wote kimya, walikuwa wanatoka ukumbini kila Naibu Spika wa wakati huo, Dr. Tulia Ackson, alipokalia kiti. Na Mei 2020 CHADEMA iliwaambia wabunge wake wasiingie bungeni kwa sababu ya korona, wengine wakakaa nje, wengine akiwemo David Silinde wa Momba wakaendelea kuingia na chama kikawavua uanachama. Mtu anayehesabu mahudhurio bila kujua haya atamwita mtiifu mtoro na atamwita aliyekaidi chama shujaa au msaliti kutegemea na ushabiki wake. Kwahiyo kila ukiona pengo la siku nyingi mfululizo, tafuta magazeti ya wiki hiyo kabla hujaandika neno.

Vilevile ukifika kipindi cha 2020 hadi 2025 amua mapema utafanyaje na wale 19 wa viti maalum ambao CHADEMA ilisema imewafukuza lakini waliendelea kukaa bungeni. Uwaweke upinzani au uwatenge, vyovyote, ila sema wazi juu ya daftari lako ili anayesoma ajue.

Kazi za kamati huwezi kuziona hivi kwa urahisi, hansadi ni ya ukumbini. Ngojea ripoti za kamati zinapowasilishwa bungeni, hasa za hesabu za serikali na za serikali za mitaa, uone mbunge wako alisimama kuchangia au la.

Video nazo zitumie, Bunge linarusha vikao YouTube. Faida yake ni mbili, hansadi huchelewa kupanda mtandaoni, na pia kuna nyakati kiti, yaani anayeongoza kikao, kinaagiza maneno fulani yafutwe kwenye kumbukumbu rasmi. Ukiona hansadi na video havifanani andika vyote viwili na dakika ya video.

Ukikosa hansadi ya kikao fulani, waandikie Ofisi ya Katibu wa Bunge kwa barua au barua pepe, taja mkutano, kikao na tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba na inawapa ofisi za umma siku 30 kujibu. Barua iwe fupi, isiwe na siasa hata neno moja.

Ukishakuwa na miezi kadhaa kwenye daftari peleka kwa mbunge mwenyewe, akija kwenye mkutano wa hadhara simama kwa heshima, "Mheshimiwa, kwenye kikao cha tarehe fulani uliuliza kuhusu maji, naibu waziri akasema Juni, Juni imepita, umeshamuuliza tena?" Na ukituma kwenye magrupu weka mkutano, kikao, tarehe na ukurasa chini ya kila dai, hata kama dai linamsifia mbunge unayempenda.