Dawa ya kusukutua itumike lini baada ya mswaki?

Watu wengi wanaonunua dawa ya kusukutua kinywa katika maduka ya dawa ya Kampala au Jinja huitumia mara tu wanapomaliza kupiga mswaki, ilhali huo ndio wakati usiofaa zaidi. Dawa ya meno ya kawaida ya watu wazima huwa na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, kati ya sehemu 1000 na 1500 kwa milioni, na ya kusukutua yenye floraidi huwa na takriban 225 tu. Kwa hiyo ukisukutua papo hapo unaondoa iliyo kali na kubakiza iliyo hafifu.

Piga mswaki kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kisha tema povu bila kusuuza kwa maji. Dawa ya kusukutua iwekee wakati wake, kwa mfano baada ya matooke na mchuzi wa karanga wa mchana: pima kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, sukutua kwa muda ulioelekezwa, ambao mara nyingi ni sekunde 30 hadi 60, uteme, na usile wala kunywa chochote, hata chai, kwa nusu saa.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, kemikali ya kuua vijidudu, ni ya matibabu, nayo huacha madoa ya kahawia kwenye meno ikitumiwa kwa muda mrefu, hivyo mwulize daktari wa meno kwanza. Watoto walio chini ya miaka 6 wasipewe dawa yoyote ya kusukutua, kwa kuwa huimeza.