Ukipapasa kivimbe kipya baada ya upasuaji wa titi

Miezi 14 baada ya upasuaji wa saratani ya titi langu la kushoto, nilikuwa naoga, vidole vyenye sabuni vikapita juu ya kovu na kukwama. Kitu kigumu, kidogo kuliko ncha ya kidole cha shahada, upande wa kwapa. Usiku kucha nilikibonyeza. Kulipokucha ngozi ilikuwa imewiva wekundu, na sikujua tena maumivu yapi ni ya kivimbe na yapi nimejitia mwenyewe. Kwa hiyo naanzia hapo: kiguse, rudia mara moja upate uhakika, halafu mikono chini. Chukua kalamu.

Andika tarehe uliyokigundua, ukubwa wake, kama kinateleza chini ya kidole au kimeganda, kama kinauma, na kama ngozi ya juu yake imebonyea, imebadilika rangi au imetoa vipele. Mahali kilipo, usipaeleze kwa maneno tu, pachore. Madaktari huligawa titi kama uso wa saa, na "saa mbili" yao ni namba 2, wakati mimi nikisikia saa mbili naona namba 8. Mimi na daktari tulizungumzia pande mbili tofauti hadi nilipomwonyesha mchoro.

Kisha piga simu kliniki siku hiyohiyo au kesho yake. Usingoje tarehe ya kurudi, hata kama imebaki wiki tatu. Sema hivi: "Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, nimepata kivimbe kipya, naomba nionwe wiki hii."

Vivimbe vingi baada ya upasuaji si saratani. Katika wiki za mwanzo mara nyingi ni majimaji au damu iliyojikusanya pale nyama ilipotolewa. Baadaye huwa ni kovu lililokomaa, uzi wa mshono, au mafuta ya titi yaliyokufa kwa kukosa damu au kwa mionzi. Mafuta hayo yanaweza kujitokeza hata baada ya miaka, na huwa magumu, yameganda, yanafanana kabisa na kile tunachokiogopa. Ndiyo maana mkono hautoshi, wa kwako wala wa daktari. Wa kwanza aliyenipima alinipapasa akasema, "Ni kovu tu, nenda nyumbani." Nilimuuliza umejuaje, akanyamaza, nikaomba picha. Nawe uliza swali hilo, kwa adabu, bila kuondoka kitini.

Picha ni ultrasaundi (ya mawimbi ya sauti), mamogramu (eksirei ya titi) au zote mbili. Zisipotoa jibu la wazi, hufuata sindano. Yangu ilikuwa ya ganzi kwanza, kisha ile nene, ikalia "ta!" kama stepla, ikatoa vipande vya nyama vyembamba kama nyuzi. Siku za kungoja majibu ndizo nzito kuliko zote. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, umwombe aje nawe kusikiliza, maana masikio ya mwenye hofu hayashiki maneno. Ukikabidhiwa karatasi ya maabara, omba nakala yako.

Majibu yangu yalisema mafuta yaliyokufa. Ya dada mmoja tuliyezoea kukaa naye benchi moja hayakuwa hivyo: saratani ilikuwa imerudi kandokando ya kovu. Yeye hakuwa amengoja. Nyama ikapimwa upya kama inaitikia homoni, kwa kuwa saratani inayorudi inaweza kuwa na tabia tofauti na ya kwanza, na matibabu hupangwa kwa hali ya sasa.

Kuhusu kurudi kliniki, mwongozo unaotumiwa na wengi ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 mwaka wa 4 na wa 5, kisha mara moja kwa mwaka. Mamogramu ni kila mwaka, na upande uliopigwa mionzi huachwa angalau miezi 6 baada ya mionzi kwisha. Titi likiwa limeondolewa lote, kwa kawaida upande huo haupigwi mamogramu; hapo macho na vidole vyako ndivyo walinzi. Wengi huomba vipimo vya damu vya kutafuta saratani kila wanaporudi. Kwa asiye na dalili, havipendekezwi.

Usisubiri tarehe pia ukiona mkono umevimba au pete imebana, ukipata maumivu ya mfupa yasiyoisha, kikohozi kisichokwisha, pumzi kukata, au kutokwa damu ukeni ilhali unameza tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya titi. Na dawa ya homoni usiiache kimyakimya kwa sababu ya joto la mwili au viungo kuuma. Mweleze daktari, anaweza kuibadilisha.

Kivimbe changu bado kipo. Mara moja kwa mwezi nasimama mbele ya kioo, nanyanyua mikono, naangalia, kisha napapasa kwa vidole vilivyolala, kuanzia mtulinga hadi chini ya titi na kwapani. Naandika tarehe, naandika "hakijabadilika", nafunga daftari.