Mzingile wa kidole: namna ya kuendesha jaribio hatua kwa hatua

Mwaka 1901, mwanasaikolojia Willard Small wa Chuo Kikuu cha Clark, Marekani, aliwatia panya kwenye mzingile, yaani njia zenye kona na vipito vilivyoziba, ulioigwa kutoka bustani ya Hampton Court, Uingereza. Binadamu hatumjengei kuta. Tunamfunga macho, kisha kidole chake ndicho kinachotafuta njia ubaoni, tena na tena, tuone anavyojifunza.

Hatua ya 1: Ubao. Mimi humpa kazi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Plaiwudi ya sentimita 40 kwa 40, fito nyembamba zilizobandikwa kwa gundi ya mbao, njia yenye upana wa sentimita 2. Weka njia panda kumi. Kila moja upande mmoja unaendelea, mwingine umeziba. Usizipange kulia-kushoto-kulia-kushoto, maana mshiriki atashika kanuni badala ya njia. Kisha piga msasa hadi mwisho. Tone la gundi lililoganda huwa alama: kidole kikiligusa mara mbili, mara ya tatu kinajua kiko wapi, na hapo jaribio lako limeharibika.

Hatua ya 2: Mshiriki. Pata ridhaa yake, mfunge macho kabla hajauona ubao. Maelezo yasome kwenye karatasi, maneno yaleyale kwa kila mtu. Weka taulo karibu. Kwa joto la Dar la Februari kidole chenye jasho hunata kwenye mbao, na muda unaongezeka bila sababu ya akili.

Hatua ya 3: Kuhesabu. Kosa ni kila mara kidole kinapoingia njia iliyoziba. Andika ni njia panda ipi. Muda upime pia, ila mimi nayaamini zaidi makosa. Simamisha akipita mara tatu mfululizo bila kosa.

Hatua ya 4: Muulize amejifunzaje. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo kiini cha kazi yote. Mmoja atakwambia alikuwa akisema moyoni "kulia, kulia, kushoto", kama anayemwelekeza bodaboda. Mwingine aliona picha. Mwingine atasema mkono wenyewe unajua.

Usiishie kwenye maneno yake. Mwombe apite tena huku akihesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100, tatu tatu. Aliyetegemea maneno hukwama hapo. Halafu, akiwa bado amefungwa macho, mwanzishie mwisho wa njia arudi mwanzo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tolman, aliandika mwaka 1948 kwamba mnyama anayejifunza mzingile hujenga ramani akilini, si mnyororo wa kona tu. Mwaka 1930, yeye na mwenzake Honzik waliwaacha panya wazurure bila chakula siku kumi. Siku ya 11 chakula kikawekwa, na siku iliyofuata makosa yalishuka ghafla. Walikuwa wameshajifunza, ila haikuonekana. Kwa hiyo mshiriki mwenye makosa mengi kwenda anaweza kukushangaza kurudi.

Makosa ya kurudi yaandike kwenye karatasi ya peke yake, usiyajumlishe na ya kwenda.