Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Somo la Vipokezi na Protini za G

Kwa mwanafunzi wa udaktari, famasia au uuguzi hapa Dodoma, somo la vipokezi vya seli mara nyingi huja mapema, kabla hajazizoea dawa wala wodi, na ndiyo sababu wengi hulikariri kama orodha ya majina na kulisahau mtihani ukishapita. Kabla ya kipindi cha kwanza, hakikisha kwamba umeuelewa utando wa seli: ni tabaka mbili za mafuta ambazo adrenalini, kwa kuwa huyeyuka katika maji, haiwezi kuzipenya kwa urahisi. Asiyeliona tatizo hilo hataona kwa nini seli inahitaji kipokezi ambacho mnyororo wake huukatiza utando mara 7. Homoni hubaki nje. Kinachofika ndani ni badiliko la umbo la kipokezi.

Muda mwingi zaidi utengwe kwa GDP na GTP, molekuli ndogo mbili zinazotofautiana kwa idadi ya fosfati: GDP ina mbili, GTP ina tatu. Protini ya G, inayopokea ishara kutoka kwa kipokezi upande wa ndani wa utando, ina sehemu tatu, yaani alfa, beta na gama, na inapokuwa imetulia alfa huwa imeshika GDP. Homoni ikikaa mahali pake, msokoto wa 6 wa kipokezi (sehemu ya sita ya mnyororo inayoukatiza utando) husogea mbali na misokoto mingine kwenye ncha yake iliyo ndani ya seli na kuacha uwazi ambamo ncha ya alfa huingia, na hapo mshiko wa alfa juu ya GDP hulegea. GDP hutoka, na kwa kuwa ndani ya seli GTP ni nyingi kuliko GDP, nafasi hiyo hujazwa na GTP. Wapo wanaoandika kwamba kipokezi huiongezea GDP fosfati hadi iwe GTP. Sijui kosa linalopotosha somo hili kuliko hilo, kwa maana GDP iliyokuwapo huondoka na molekuli nyingine kabisa huchukua nafasi yake. Kama mchoro wa kitini chako hauonyeshi hatua hiyo, tafuta picha ya kipokezi cha beta-2, ambacho ni kimojawapo cha vipokezi vya adrenalini, kikiwa kimeshikana na Gs, mojawapo ya protini za G, iliyochapishwa mwaka 2011 na kundi la mwanasayansi Brian Kobilka.

Familia za alfa ni nne, nazo zinaweza kukaririwa jioni moja: Gs huchochea kimeng'enya kinachotengeneza cAMP (molekuli ndogo inayosambaza ishara ndani ya seli), Gi hukizuia, Gq huishia katika kupandisha kalsiamu ndani ya seli, na G12/13 hugusa mifupa ya seli, yaani nyuzi za protini zinazoipa seli umbo. Usiidharau beta-gama, kwani ndiyo inayofungua mifereji ya potasiamu ya moyo pale asetilikolini, kemikali inayotolewa na neva, inapopunguza mapigo.

Jiandae pia kuuliza jinsi ishara inavyozimwa, swali ambalo vitini vingi hulipitia juu juu. Alfa hukata yenyewe fosfati moja ya GTP, hurudi kuwa na GDP, kisha huungana tena na beta-gama. Sumu ya kipindupindu huibadilisha alfa ya Gs kiasi kwamba ukataji huo hushindikana. cAMP hupanda bila kikomo, na kloridi humwagika kwenye utumbo ikifuatwa na sodiamu na maji. Maji ya chumvichumvi yenye glukosi huokoa maisha kwa sababu njia inayofyonza sodiamu pamoja na glukosi haiharibiwi na sumu hiyo.

Mwisho, ingia darasani na dawa moja unayoifahamu. Salbutamoli inafaa sana, hasa wakati wa kiangazi, upepo unapoinua vumbi na wenye pumu kutembea na dawa zao za kuvuta. Ifuate hatua kwa hatua, kutoka kipokezi cha beta-2 hadi Gs, kutoka Gs hadi cAMP, na kutoka cAMP hadi misuli ya njia ya hewa inayolegea, kisha uweke propranololi mahali pake: nayo hukalia kipokezi kilekile bila kukiamsha, kwa hiyo mwenye pumu akiimeza, njia zake za hewa zinaweza kubana na salbutamoli ikashindwa kumsaidia ipasavyo.