Jinsi ya kuchukua sampuli za samaki wa Ziwa Victoria kwa ajili ya kupima kemikali za kuzuia moto

Mwezi uliopita binti mmoja anayesoma uzamili alinijia na sato kumi na wawili kwenye mifuko ya plastiki, akitaka kuwapima PBDE. Ilibidi tuanze upya. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

PBDE ni kemikali zenye bromini zilizotiwa kwenye sponji za masofa na maganda ya televisheni na kompyuta ili visishike moto haraka. Hazikuungana na plastiki yenyewe, kwa hiyo hutoka taratibu, zikaingia kwenye vumbi, na mvua ikazisomba hadi ziwani. Hupenda mafuta kuliko maji, ndiyo maana tunazitafuta kwenye samaki. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zinazodumu, uliziorodhesha za kwanza mwaka 2009 na decaBDE, yenye bromini kumi, mwaka 2017, lakini vifaa vya zamani bado tunavyo majumbani na madampo.

Hatua ya 1: Jua samaki kavuliwa wapi. Kama swali lako ni Mto Mirongo wa Mwanza unaleta nini ziwani, usinunue soko la Mwaloni Kirumba. Pale hushushwa samaki wa Ukerewe na visiwa vingine. Panda mtumbwi na mvuvi, umwone akitoa nyavu. Chukua sato au furu. Sangara hutembea mbali, ila anakula samaki wenzake, kwa hiyo mpime yeye kama unafuatilia mlundikano kutoka samaki hadi samaki. Dagaa wasage wazima, maana tunawala wazima.

Hatua ya 2: Pima urefu na uzito. Andika kwa penseli.

Hatua ya 3: Funga kwa foili, kisha weka kwenye deli lenye barafu. Foili ichomwe kwanza kwenye tanuri la maabara, nyuzi 450 kwa saa 4. Huna tanuri? Isuuze kwa asetoni, halafu heksani, vimiminika vya kuyeyushia mafuta. Boksi jeupe la povu silikubali kabisa: HBCD, kizuia moto kingine, kilitumika sana kwenye povu la jamii hiyo, hasa la ujenzi.

Hatua ya 4: Sampuli tupu, yaani isiyo na samaki lakini inayopitia hatua zilezile. Hapa nitakaa, kwa sababu hatua hii iliwahi kunila wiki tatu. Nilikuwa nimepata BDE-209 (PBDE kuu iliyomo kwenye decaBDE) nyingi kwenye sato wa mdomo wa mto na wa Luchelele, ufukwe mwingine wa Mwanza, karibu sawasawa, na ripoti nimeshaianza. Kitu kikanikataza. Nikapitisha heksani peke yake kwenye hatua zote, bila samaki, na BDE-209 ikatoka kiasi kilekile. Samaki hawakuwa na kosa. Nilikuwa nasagia minofu kwenye chumba kilichorundikwa kompyuta mbovu na kiti cha sponji kilichochanika, na feni ya dari ikizungusha vumbi lake juu ya meza yangu.

Kwa hiyo weka mbili. Ya kwanza ya mtumbwini: chupa ya kioo yenye sodiamu salfeti (chumvi ya kukaushia) iliyochomwa, ifungue unapomshika samaki, ifunge unapomfunga. Ya pili ya maabara, moja kwa kila samaki watano. Wenzangu huona napoteza heksani. Mimi naona bora samaki wachache wanaoaminika. Ukikuta kitu ndani yake, usikimbilie kutoa tu namba ile kwenye namba ya samaki. Tafuta chanzo kwanza. Kinachobaki, chukua wastani wa sampuli tupu ujumlishe mara tatu ya mkengeuko sanifu. Chochote chini ya hapo andika hakikuonekana. Tumia chupa za kahawia pia, kwani BDE-209 huvunjika kwenye mwanga na kukupa PBDE zenye bromini chache ambazo samaki hakuwa nazo.

Hatua ya 5: Maabara. Saga, kausha kwa sodiamu salfeti, tia kipimo cha ndani (PBDE yenye kaboni-13, ya kiasi unachokijua, ya kulinganishia), toa mafuta kwa heksani na dikloromethani, yapime uzito, safisha kwa asidi ya salfa, ingiza GC-MS, mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua. Kwa BDE-209 tumia safu fupi ya mita 15, yaani mrija mwembamba wa mashine hiyo unaotenganisha kemikali. Kwenye ndefu hukaa muda mrefu kwenye joto ikaharibika.

Andika matokeo kwa gramu ya mafuta na kwa gramu ya mnofu mbichi, yote mawili. Mama anayekaanga sato Mkuyuni hauzi mafuta peke yake.

Binti alirudi Jumamosi na sato wanane ndani ya foili. Sampuli yake tupu ya mtumbwini ni safi. Ya maabara bado ina BDE-209 kidogo. Leo tunahamisha mashine ya kusagia.