Bloa ya salfa imegoma na msimu umefika: fungua kabureta mwenyewe

Kila mwaka ukiingia mwezi wa tano, uwanja wa karakana yangu hapa Newala unajaa bloa, zile mashine za kupulizia salfa mikorosho. Mikorosho imeanza kuchipua na kutoa maua, ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, haungoji mtu, na salfa ya unga inatakiwa irudiwe kila baada ya wiki mbili hivi. Mashine ikilala kwa fundi siku nne tu, ratiba ya shamba zima imevurugika.

Nyingi ya hizo bloa hazikuharibikia shambani. Ziliharibikia ndani, zimeegemezwa ukutani na petroli tumboni tangu mwezi wa nane. Petroli ikikaa muda mrefu, ile sehemu nyepesi inapaa, kinachobaki ni kitu kinachonata kama ulimbo, na ulimbo huo ndio unaoziba kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Dawa yake ni kusafisha. Kwa hiyo mtu akikwambia ununue kabureta mpya kabla hajaifungua ya zamani mbele yako, mwambie asubiri.

Nazungumzia bloa za mgongoni zenye injini ya mipigo miwili, zile zilizoandikwa 1E40F: silinda moja, kipenyo chake milimita 40. Kabureta yake ina kikombe kwa chini. Andaa bisibisi mbili, pleasi, spana ya plagi, spana namba 8 na 10, mswaki wa zamani, sahani nyeupe, petroli safi kidogo na kipande cha waya wa umeme wa nyuzi nyingi. Fanyia kazi nje, kivulini, mbali na moto na sigara. Kumbuka salfa yenyewe inawaka, kwa hiyo kwanza ipanguse mashine nzima kwa brashi, na mifuko ya salfa iwe mbali.

Hatua ya 1: hakikisha kosa ni la kabureta

Fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika. Shida huenda ni moto wa plagi, au umevuta kamba mno huku choki (kizuizi cha hewa cha kuwashia mashine ikiwa baridi) imefungwa. Ikaushe, isugue kwa msasa laini, pengo lake liwe milimita 0.6 hadi 0.7, ujaribu tena. Ikiwa ni kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara kumi, mafuta hayafiki.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Mimina petroli iliyochanganywa na oili, nusu ya kizibo cha soda, kwenye tundu la plagi. Rudisha plagi, panguse iliyomwagika, vuta kamba. Ikishika ikanguruma sekunde mbili tatu kisha ikazima, injini yako ni nzima na moto upo. Njaa ndiyo inayoisumbua. Endelea.

Hatua ya 2: kabla ya kabureta, tazama kizibo cha tenki

Wengi wanairuka hatua hii. Kizibo cha tenki kina tundu dogo la kupitisha hewa. Vumbi la salfa likichanganyika na mafuta linaliziba, basi petroli inashuka kidogo, kisha inakwama kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Mashine inawaka vizuri, inafanya kazi dakika tano, inazima. Ukiipumzisha, inawaka tena. Ikikufanyia hivyo, legeza kizibo mara tu inapozima: ukisikia "psss" ya hewa ikiingia, umeshampata mchawi. Safisha tundu, umemaliza, kabureta usiiguse.

Chomoa na mpira wa mafuta. Ukifungua koki, petroli ishuke kwa mfululizo. Ikidondoka tone tone, safisha chujio la tenki.

Hatua ya 3: toa kabureta

Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu. Funga koki, toa chujio la hewa (lioshe kwa sabuni, likauke kabisa), fungua kifuniko cha juu chenye waya wa kuongeza mafuta, uvute taratibu: kitatoka na springi, pistoni ndogo na sindano yake. Usiipinde sindano. Kisha fungua nati zinazoshika kabureta kwenye injini. Angalia gasketi isichanike.

Hatua ya 4: kikombe, jeti na boya

Weka kabureta juu ya sahani nyeupe, ufungue kikombe bila kumwaga kilichomo. Hapa tulia, utazame.

Mwaka jana alinijia mama mmoja kutoka Kitangari. "Mwanangu, salfa ninayo, vijana wa kupuliza ninao, mashine haitaki." Nilipofungua kikombe, chini kulikuwa na utando wa rangi ya asali, umekauka pembeni, na katikati matone mawili ya maji yanateleza kama zebaki. Nikamuuliza, "Mama, petroli hii ni ya lini?" Akasema, "Ya msimu uliopita. Ningeimwagaje, nami niliinunua?" Sikuwa na la kumlaumu. Lakini ile lita moja aliyoihifadhi ilikuwa imemsimamishia shamba.

Matone yanayoteleza chini ya petroli ni maji. Chenga za njano ni salfa, maana yake chujio la hewa limechoka au mtu alijaza tenki kwa mikono ya kazi. Utando ni petroli ya zamani.

Katikati ya kabureta kuna jeti, kiskrubu cha shaba chenye tundu jembamba sana. Kifungue kwa bisibisi inayoenea sawasawa, kwa sababu shaba ni laini na kichwa kinaharibika upesi. Kiinue kuelekea mwanga wa anga. Tundu safi linaonekana duara kamili, linang'aa. Ukiona giza, au mwezi mchanga badala ya duara, limeziba.

Loweka jeti kwenye petroli safi nusu saa. Kisha chukua unyuzi mmoja tu wa ule waya wa umeme, upitishe polepole. Usitumie sindano ya kushonea, spoku wala waya wa breki. Nilipokuwa najifunza kazi nilitumia kipande cha waya wa breki. Jeti ilizibuka, lakini tundu lilipanuka. Bloa ile ikawa inatoa moshi mweusi na inamaliza tenki kabla ya zamu kwisha, na mwenyewe alilipa petroli hiyo msimu mzima. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Njia ndogo za pembeni zisugue kwa mswaki na petroli, uzipulize kwa pampu ya baiskeli.

Boya, kile kinachoelea ndani ya kikombe, litikise karibu na sikio. Likilia maji maji ndani, limetoboka, badilisha. Sindano ndogo inayosukumwa na boya kufunga mafuta nayo itazame ncha: ikiwa na mchirizi wa duara, petroli itakuwa inamwagika hata mashine ikiwa imezimwa.

Kama kabureta yako haina kikombe, ina viwambo vyembamba vya mpira. Kiwambo kizima ni laini. Kikikakamaa kama karatasi, usihangaike kukisafisha, nunua kingine.

Hatua ya 5: rudisha na upime

Rudisha kwa kufuata picha zako. Gasketi iliyochanika usiiwekee gundi. Ikivuta hewa pembeni, injini inapanda mbio yenyewe, inapata joto, na pistoni inakwama ndani ya silinda. Hapo unaingia gharama kubwa kuliko kabureta.

Ile sindano ya pistoni ndogo ina kipini kinachokaa kwenye mfuo mmojawapo: kiweke kwenye mfuo wa katikati. Petroli iwe mpya, na oili iwe ya injini za mipigo miwili, siyo oili iliyomwagwa kwenye pikipiki. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mashine. Kikiwa 25 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 200 za oili, pungufu kidogo ya nusu ya chupa ya maji ya nusu lita.

Alfajiri za hapa kwetu mwezi wa sita zina baridi. Funga choki, vuta mara mbili tatu, ikikohoa ifungue, uvute tena. Iache ingurume polepole bila kuongeza mafuta dakika mbili kabla ya kuipandisha mbio. Baada ya tenki moja ya kazi, toa plagi: rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, shusha sindano kwa kuhamishia kipini mfuo wa juu. Nyeupe kama chokaa, simamisha kazi, utafute hewa inakoingilia au jeti iliyoanza kuziba tena.

Hatua ya 6: siku ya mwisho ya kupuliza

Usiiweke ndani siku hiyo kabla hujamwaga tenki. Washa, iache ijizimie yenyewe, kisha legeza kiskrubu cha chini ya kikombe kitoe tone la mwisho. Dondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi, vuta kamba taratibu mara mbili, rudisha plagi. Panguse salfa yote. Petroli uliyoimwaga, kama ni ya wiki hiyo, mpe mwenye bloa ambaye bado anapuliza aitumie kesho yake.